Nafasi Nyeupe Kwenye Ratiba ya Malolo

Habari ya kifo cha Bwana Gervas ilinikuta nachambua mbaazi barazani, hapa Nachingwea ninapoishi siku hizi mpaka nitakapochoka tena. Ilikuja kwenye kundi la simu la watu tuliofanya kazi pamoja kwenye mradi wa bomba la maji, zamani, na kabla sijamaliza kuisoma walikuwa wameshajaza vile vimikono viwili vya kuomba, ujumbe baada ya ujumbe. "Tumepoteza baba." "Alikuwa kiongozi wa mfano." Mimi sikuweka vimikono. Nilirudi kwenye mbaazi zangu, nikatoa zilizotobolewa na wadudu, nikawatupia kuku, kisha nikaona kuku wanakimbia badala ya kula, maana nilikuwa nazitupa kama mawe. Watu husema mtu akishakufa, basi, yamekwisha. Yangu hayajakwisha. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao mtu yule aliushika akauchafua, na ingawa nilimrudishia, na nitaeleza nilivyomrudishia, mpaka leo nikilisikia jina lake meno yangu yanakutana.

Mwaka ule nilikuwa nimeshafanya karibu kila kazi inayofanywa na mtu asiyependa kukaa. Shule niliiacha kidato cha pili. Nilikuwa nimefua mashuka ya hospitali ya misheni, nimepanda malori ya ufuta hadi Masasi, nimepika gesti, nimeuza mitumba Ruponda siku za gulio. Kila kazi niliipenda mpaka siku niliyoielewa, kisha nikaondoka. Nilipofika kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Nachingwea nilidhani nitakaa mwezi, nijue kompyuta inafanyaje, niende zangu. Ndipo akaja Injinia Salumu, mrefu, mwembamba, mtu wa Tanga mwenye tai hata kwenye jua, akataka nimchapie ratiba ya mradi. Ikatoka karatasi baada ya karatasi. Akazitandaza sakafuni, akaziunga kwa selotepu, zikajaza chumba hadi wateja wakawa wanasimama nje. Kila mstari ulikuwa kazi moja: kupima, kusafisha njia, kuleta mabomba, kuchimba mtaro, kulaza, kufukia. Mbele ya kila kazi kulikuwa na kipande cha rangi kinachoonyesha inaanza lini na kuisha lini. Nilipiga magoti nikaanza kuisoma kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

"Sasa mabosi wanaisomaje hii?" nikamuuliza.

"Hawaisomi, dada. Wanasinzia."

"Na wewe unawaachia wasinzie?"

Akacheka, akavua miwani akaifuta kwa ile tai. Akaniachia nakala moja, nadhani kwa kunitania. Kesho yake aliporudi nilikuwa nimemchorea ukurasa mmoja. Ulikuwa mbaya, rangi zake kama za khanga, lakini alisimama akauangalia, kisha akaniuliza kama ninaweza kuhamia Malolo, upande wa Ruangwa, kambi ya mradi ilipo. Nilikuwa nimeshafunga begi kabla hajamaliza kuuliza.

Ofisi ilikuwa kontena la chuma. Asubuhi lilikuwa baridi na mchana lilitupika. Humo ndani Salumu alinifundisha kazi ambayo sijawahi kuichoka, pengine kwa sababu sijawahi kuimaliza kuielewa. Alisema mkubwa anaiangalia slaidi kwa muda wa kunywa funda moja la chai, na akishameza tayari ameamua. Kwa hiyo kabla ya kuchora, jiulize unataka aamue nini. Halafu punguza. Kazi ambayo ikichelewa haimcheleweshi mwenzake, ifiche. Bakiza zile zilizoshikana mikono, ambazo moja ikianguka zote zinaanguka. Kijani ni kwema, njano ni tuangalie, nyekundu imechelewa. Na maneno yawe machache, maana ukiweka maneno watu wanasoma maneno, picha wanaiacha. Nilikuwa nachora, namwonyesha, anakunywa funda la chai, anameza, ananiuliza, "Umeniambia nini?" Kama jibu lilikuwa refu, nilifuta nikaanza upya.

Bwana Gervas, meneja wa mradi, alikuwa na meza yake upande wa pili wa kontena, na juu yake chupa ya kioo yenye korosho za kukaanga ambazo sikuwahi kuona akimkaribisha mtu. Kuhusu picha hakujua kitu na hakutaka kujua. Yeye alikuwa mtu wa maneno. Kila slaidi lazima ipite kwake, na alichokagua ni maandishi tu. "Hapa usiseme 'tumechelewa', sema 'changamoto'. Na hapa pana nini, peupe hivi? Peupe panaogopesha wakubwa. Kila mahali paonekane pana kazi." Mimi aliniita msichana wa steshenari. Na Salumu, bosi huyo alimwita Injinia kwa namna ambayo ungedhani ni jina la utani.

Chumba nilipewa na Fomeni Issa, msimamizi wa vibarua wa mtaro, mtu wa Malolo hapo hapo. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri, na jioni tulikula uani, ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, wakati mwingine ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ambayo mkewe Bi. Somoe aliipanga kwenye ungo kama vidole. Alinitengea sahani yangu mwenyewe, ya bati, yenye ua la bluu, na hakuna aliyeruhusiwa kuilia. Nilipenda kusikiliza mazungumzo yao nikijifanya nasoma. Issa alikuwa amezunguka kwa kila mwenye shamba kwenye njia ya bomba kuomba mtaro upite. Walimkubalia yeye, hawakuikubalia kampuni. Aliwaahidi kwamba mtaro utachimbwa kiangazi, baada ya mahindi na kabla ya korosho, na ukichimbwa utalazwa bomba na kufukiwa palepale, usikae wazi ng'ombe wakatumbukia.

"Umewaahidi kwa mdomo wako," Bi. Somoe alimwambia jioni moja, "na mabomba siyo yako."

"Yameandikwa kwenye ratiba ya Skola. Muulize mwenyewe. Skola mwanangu, mabomba yanakuja lini?"

"Mwezi ujao, Fomeni."

"Umesikia. Na huyu hadanganyi, hajui hata kudanganya bei ya mitumba."

Mabomba hayakuja mwezi ule, wala uliofuata. Kontena halina siri. Nilimsikia Bwana Gervas kwenye simu mara nyingi, akimbembeleza rafiki yake muuza mabomba aharakishe, kwa sababu alikuwa amekataa kununua kwa mwingine aliyekuwa nayo tayari. Salumu alimwambia mbele yangu, "Bosi, kiangazi kinaisha." Akajibiwa, "Kiangazi kitarudi mwakani." Kule njiani Issa na vibarua wake walikaa chini ya miti na majembe yao, kila siku wanaripoti, kila siku wanaambiwa subirini. Wakulima walipalilia chini ya mikorosho yao wakaacha ardhi safi kama sakafu, maana korosho huokotwa chini, na ukiacha majani huzioni. Basi mabibo yalipoanza kuiva, na korosho kudondoka, na njia nzima kunuka ule utamu unaokaribia kuwa pombe, ndipo malori ya mabomba yalipoingia. Bwana Gervas akatoa amri mtaro uanze kesho yake.

Mtu yeyote aliyezaliwa huku angemwambia, na Issa alimwambia. Huwezi kuchimba mtaro chini ya mkorosho unaodondosha. Udongo utafukia korosho za mtu, kazi yake ya mwaka mzima. Na vibarua wenyewe wana mikorosho yao, hakuna atakayekuja. Bwana Gervas alitafuna korosho zake akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mradi wa maji usubiri watu waokote?" Issa akamjibu kwa upole kwamba ndiyo, bosi, usubiri, kwa kuwa wao walishausubiri. Nilicheka. Nadhani hapo ndipo alipotuandika sote wawili moyoni mwake.

Mkutano na wakubwa kutoka Dar ulifanyika kwenye ukumbi wa gesti Ruangwa mjini. Shuka jeupe lilipigiliwa ukutani, chai na maandazi mezani, na mafomeni walialikwa wakae viti vya nyuma. Mimi nilikaa pembeni kwenye kompyuta, kazi yangu kubonyeza. Nilikuwa nimechora mistari miwili. Wa juu ulikuwa wa mabomba, mwekundu, ukiingia hadi msimu wa korosho. Wa chini ulikuwa wa mtaro, wa njano, umesimama unaungoja. Jioni iliyotangulia Bwana Gervas aliichukua flashi aikague, kama ilivyokuwa kawaida yake. Nilipobonyeza, ukutani ukatokea mstari mmoja. Wa mabomba haukuwepo. Wa mtaro ulikuwa mwekundu, na juu yake kwa herufi kubwa: UTORO WA VIBARUA, TIMU YA ISSA. Na chini kwenye kona, mahali ambapo sijawahi kuandika kitu, jina langu: Imeandaliwa na Skolastika.

Mkurugenzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Alikunywa funda la chai. "Issa ndiye nani?"

Issa akasimama kule nyuma, kofia mkononi. "Ni mimi, mama."

"Unaona hapo?"

"Naona nyekundu, mama. Maandishi macho yangu hayafiki." Watu wakacheka, na yeye akacheka nao kidogo. Kisha akanigeukia. "Skola mwanangu, pameandikwa nini? Nisomee."

Nilisema, "Hii siyo yangu." Sauti ilitoka. Ile projekta ilikuwa na feni inayovuma kama mashine ya kusaga, lakini sauti ilitoka, na walioko mbele waliisikia. Bwana Gervas akacheka kama baba anayemchekea mtoto. "Anaionea aibu kazi yake. Jina lako si hilo hapo? Ngoja nimsaidie kusoma." Akasoma, polepole, neno kwa neno, akimwangalia Issa. Mkurugenzi akameza chai. Akasema timu ibadilishwe. Salumu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa naangalia uso wa Issa, na uso ule haukuwa umemgeukia Bwana Gervas. Ulikuwa umenigeukia mimi.

Niliporudi Malolo godoro langu lilikuwa limekunjwa mlangoni, na begi juu yake. Uani walikuwa wanakula. Nilieleza, nikarudia kueleza, na Issa akaendelea kumega tonge kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Bi. Somoe ndiye aliyenijibu. "Jina lilikuwa lako. Wote wameliona." Nilitafuta kwa macho sahani ya ua la bluu. Ilikuwa chini, kuku wanadonoa ndani yake. Timu ililetwa kutoka mbali, ikachimba chini ya mikorosho, korosho zikafukiwa na udongo, na wakulima hawakwenda kontena kulalamika. Walikwenda kwa Issa, kwa sababu ndiye aliyewaahidi. Walimwita mbele ya mkutano wa kijiji asimame aeleze. Mtu ambaye kila nyumba ilimpa kiti, wakamwacha amesimama.

Ningeweza kuondoka, na kuondoka ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote. Nilibaki kwa ubaya. Nilipanga chumba Ruangwa mjini, nikawa wa kwanza kufika kontena na wa mwisho kutoka, nikamchorea Bwana Gervas slaidi nzuri hadi akaanza kunisifia kwenye simu. Salumu alihamishiwa mradi mwingine, na siku anaondoka alinipa mkono akashindwa kuniangalia. "Ukimjibu," akasema, "usimjibu kwa maneno. Maneno ni shamba lake." Nilikuwa nimeshafika hapo mwenyewe, lakini nilimshukuru. Miezi ile nilimchunguza yule mtu kama nilivyochunguza kila kitu maishani. Nikaona kwamba ule mstari wa mabomba aliufuta kwa sababu ulikuwa umeandikwa "mabomba". Usingeandikwa hivyo, asingeuona.

Mradi ulipokaribia kuisha alitangaza kwamba wakubwa wanakuja kwa tathmini ya mwisho, na kama wakiridhika atapewa mradi mkubwa kuliko huu. "Nataka ukurasa mmoja, msichana wa steshenari. Mwaka mzima. Wasimame wapige makofi."

Nikamchorea. Kila kazi nikaipa rangi yake ya kijani, laini, ya kupendeza, na mstari wa mtaro nikauweka mahali ulipoanza kweli. Kati ya kupima njia na kuchimba nikaacha kiangazi chote kilivyokuwa, tupu, bila rangi na bila neno. Na juu kabisa, badala ya majina ya miezi, nikachora vipicha vidogo vidogo: hindi, jembe la palizi, ua la mkorosho, bibo lenye korosho yake chini, gunia la mnada, mvua. Vilipangika vizuri, kila kimoja juu ya wakati wake. Bibo lilikaa juu kabisa ya mwanzo wa mtaro.

Bwana Gervas alikagua. Alitafuta maneno, akakuta kichwa cha habari tu, akakibadilisha kikawa kirefu. Akagusa vile vipicha kwa kalamu. "Umeweka mapambo ya kusini. Vizuri, yule mama anapenda vitu vya asili." Nilimwambia asante, bosi.

Ukumbi ulikuwa ule ule, na shuka lile lile. Yeye mwenyewe alishika fimbo ya kuonyeshea. Mkurugenzi alikunywa funda, akameza, lakini hakuamua. Aliweka kikombe chini.

"Hapo peupe pana nini, Gervas?"

Akageuka kuangalia ukuta kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anauona. "Hapo, mama, ni... maandalizi."

"Maandalizi yana rangi. Nayaona hapo kabla yake. Hapo hapana kitu. Na hili juu si hindi? Yaani watu wameshavuna, jua linawaka, mmekaa."

"Tulikuwa tunasubiri mabomba."

"Nani alikuwa anayaagiza?"

Feni ya projekta ikavuma. Mkurugenzi akaanza kusoma vile vipicha kwa kidole, kimoja kimoja, hewani, mpaka akafika kwenye bibo. Akashusha kidole kwenye mtaro. Nilikunja mikono nikamwangalia Bwana Gervas shingoni, jasho lilivyokuwa likitafuta kola, na naweza kusema bila haya kwamba sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Alinigeukia. "Umefanya nini hapa?" Nikamjibu kwa sauti ya kusikika, "Nimeacha ilivyokuwa, bosi. Ungependa nikusomee hapo?"

Mradi mkubwa hakupewa. Wala hakufukuzwa, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Alipelekwa ofisi ya Dar, akapewa gari, akazeeka vizuri. Issa hakurudishwa, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha. Nilitegemea haki, nikapata jasho la kola moja.

Kwa hiyo niliipeleka ile slaidi Nachingwea, kwenye steshenari yangu ya zamani, nikaichapa kubwa, karatasi zimeungwa kwa selotepu, nikarudi nayo Malolo siku ambayo nilijua Issa na wazee kadhaa wa mashamba wako uani kwake kwa shughuli ya jirani. Niliitundika kwenye ukuta wa nje kwa misumari bila kuomba ruhusa. Hakuna aliyehitaji kusomewa. Wale wazee wenye mikorosho waliona bibo, wakaona mtaro chini yake, wakaanza kusemezana Kimwera. Issa alikaribia ukuta. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko mkubwa yeyote niliyewahi kumchorea. Kisha akaweka kidole kwenye ile nafasi nyeupe.

"Hapa nilikuwa nimekaa," akasema. "Mimi na watu wangu. Tulikaa hapa."

Mzee mmoja akasema, "Kumbe." Akasogeza kiti chake, akampa Issa. Bi. Somoe aliingia ndani, nikasikia anasugua kitu kwa mchanga, kwa muda, na aliporudi alikuwa na sahani ya ua la bluu. Ile karatasi waliiingiza ndani, ikakaa sebuleni kwao hadi Issa alipokufa, imegeuka rangi ya chai, na nilipokwenda kuzika niliikuta bado pale.

Sasa huyu naye amekufa. Siku ya pili baada ya habari, binti yake alinipigia simu. Ana sauti nzuri, ya mtu aliyelelewa kwa amani. Wanataka picha za maisha ya marehemu zionyeshwe ukumbini kabla ya mazishi, na kundini wamemwambia mimi ndiye mtu wa slaidi. "Anti, baba alikuwa anakutaja. Alisema hajawahi kupata mchoraji kama wewe." Binti hana kosa. Nilimpangia picha zote kwa upendo ambao sikuutarajia hata mimi mwenyewe: baba akiwa mwanafunzi, harusi, baba na mjukuu, baba kavaa kofia ya chuma mbele ya kontena letu. Baada ya ile ya kontena niliweka slaidi moja tupu. Nyeupe, haina neno, inakaa muda wa funda moja la chai, kisha maisha yake yanaendelea.

Binti akapiga tena. "Anti, hapa katikati pana slaidi haina kitu. Niiondoe?"

"Iache, mwanangu. Ni ya mwaka wa Malolo. Hivyo ndivyo ulivyokuwa."

Akasema sawa, anti, na akaiacha. Mazishi yalirushwa moja kwa moja kwenye simu. Nilikaa barazani nikaangalia, na ilipofika pale, kioo cha simu yangu kikawa cheupe kabisa, watu mia sijui wangapi wamekaa mbele ya weupe ule na nguo zao nyeusi, wanasubiri. Kisha ikaja picha ya mjukuu. Kundini vimikono viliendelea kumiminika. Katikati yao akaandika Salumu, ambaye hajawahi kuandika kitu tangu aunganishwe. Hakuweka vimikono.

"Nimeiona," aliandika.